Kantri ya laivu baa: mnaofika saa tano usiku, seti ya kwanza mnaikosa

MzeeWaKona (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Huu ni mwaka wa nne, kila Alhamisi, isipokuwa kuna msiba au mvua ile ya kufunga barabara, mimi nipo baa moja upande wa Ngong Road nasikiliza kantri ya laivu. Jina la baa silitaji maana mimi na mwenye baa tuna deni la maneno, nitaeleza mbele. Bendi ni watu wanne: mwimbaji na gitaa lake la mbao, gitaa la solo, besi na drami. Mara moja moja jamaa wa fidla akipata ruhusa nyumbani anakuja, na siku hiyo hata ukiwa na homa, meza dawa uje.

Nina lalamiko moja tu. Mnachelewa.

Bendi inaanza saa moja u nusu. Saa hiyo ndani tuko watu wanane, tisa ukimhesabu mlinzi aliyeegemea mlango. Wahudumu bado wanapangusa meza. Mwimbaji hana wa kushindana naye kwa sauti, kwa hiyo hapigi kelele. Drami anatumia brashi, vijiti kaviweka chini. Unasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi kutoka kodi moja ya gitaa hadi nyingine. Unasikia mtu akivuta pumzi kabla ya ubeti. Jim Reeves mnayempenda alikuwa anaimba midomo karibu iguse maikrofoni, sauti ya chini kabisa. Don Williams naye hakuwahi kumfokea mtu. Sasa muziki wa namna hiyo unausikilizaje saa tano usiku, wakati meza ya nyuma wanasherehekea siku ya kuzaliwa na spika zimepandishwa mpaka glasi zinatembea mezani?

Alhamisi iliyopita, wimbo wa nne, uzi wa gitaa la solo ukakatika (si uzi huu, ule wa chuma). Uzi wa kwanza, mwembamba. Mwimbaji hakusimama wala hakugeuka. Mtu wa besi akapanda juu kidogo kwenye shingo ya gitaa lake akaziba pengo. Solo akaketi kwenye kreti ya bia, akatoa uzi mpya mfukoni mwa shati, akaufunga, akaukaza huku ameinamisha sikio kwenye mbao, anaulinganisha na besi bila kuwasumbua wenzake. Ubeti wa mwisho ulipoanza akasimama akaingia palepale panapotakiwa. Sisi wanane tukajikuta tunapiga makofi katikati ya wimbo. Saa tano usiku nani angeona hayo?

Haya, semeni. Nani mwenzangu?

Besi_ya_Kando

Mimi napiga besi. Si bendi hiyo, au pengine ndiyo, sisemi.

Mzee umesema kweli. Seti ya kwanza ndiyo tunapiga tunachokipenda sisi wenyewe. Hapo ndipo tunajaribu wimbo mpya, hapo ndipo mwimbaji anaingiza utunzi wake bila mtu kupaza sauti kuomba ule wa Kenny Rogers, "The Gambler! The Gambler!" Ukitaka kujua bendi inaweza nini, njoo hapo.

Lakini ngoja nikuulize kitu. Sisi tunafika saa kumi na moja jioni. Spika tunabeba wenyewe, nyaya tunatandaza wenyewe, na drami amekuja na matatu mbili akiwa na sahani za shaba begani. Malipo yetu mara nyingi ni sehemu ya kiingilio. Na kiingilio kinaanza kukatwa mlangoni saa ngapi?

Saa tatu.

Sasa wewe uliyeingia saa moja na nusu umelipa nini?

MzeeWaKona

Hapo nimenyamaza kidogo.

Mama_Kaunta

Nimefanya kazi baa za muziki miaka kumi na moja, niseme na mimi. Watu wa seti ya kwanza nawajua mmoja mmoja. Ni watu wa soda moja. Mtu anaagiza Stoney, anaikumbatia toka saa moja hadi saa tatu u nusu, amefumba macho, anatingisha kichwa. Ukimkaribia kumuuliza kama anaongeza kitu anakuwekea kidole mdomoni, eti umnyamazie.

Nawapenda, ni watu wa adabu, hawavunji glasi. Lakini kodi ya jengo inalipwa na wale wa saa tano.

MzeeWaKona

Mama, ni Krest, si Stoney. Na huwa naagiza mbili.

BintiNakuru

Hahaha mmemkamata.

Mimi niko kinyume na wewe Mzee, kwa heshima zote. Wewe unataka kantri ya maktaba. Mimi naenda kwa ajili ya seti ya tatu, na nitakwambia kwa nini.

Sisi tuliolelewa huku juu, kantri hatukuisikia kwanza kwenye kiti ukiwa umekunja nne. Tumeisikia kwenye mugithi. Unajua mambo yanavyokwenda: mtu mmoja, gitaa moja, mashine ya kumpigia mdundo. Anaanza na Jim Reeves, anaingia kwa Kenny Rogers, halafu bila kusimama, kwa kodi zilezile tatu, anateleza hadi kwenye Kikuyu cha zamani, cha Joseph Kamaru na wenzake, na watu wote wanasimama, mkono kwenye bega la aliye mbele, treni inaanza kuzunguka meza. Mugithi ni gari moshi, jina lenyewe limesema. Mike Rua ameijaza Kenya nzima kwa mtindo huo. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba hapa kantri imeisha, hapa yetu imeanza. Ni usiku mmoja.

Kabla ya hapo bibi zetu walicheza mwomboko kwa kodiani na kile chuma cha duara, karing'aring'a. Nayo ilikuja na sauti za wazungu ikageuka mali yetu.

Kwa hiyo seti ya kwanza ni tamu, sikatai. Ila ukiondoka saa nne umeondoka kabla ya muziki kufika nyumbani.

KijanaWaMtaa

Mimi sijawahi kuwaelewa nyie watu. Muziki wa wazungu wa kusini, bendera za watetezi wa utumwa, nyinyi mnavaa kofia za ng'ombe Nairobi. Si tuna muziki wetu?

Besi_ya_Kando

Kijana, swali lako ni halali, na wengi wanalo. Lakini chukua banjo, ile inayosikika kwenye kantri ya zamani. Ilifika Marekani na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Wajola wa Gambia na Senegali hadi leo wanapiga akonting, ngozi juu ya kibuyu, mpini mrefu, uzi mmoja mfupi wa kidole gumba. Ukiiona tu unajua ni ndugu.

Hank Williams alipokuwa mtoto Alabama, mwalimu wake wa gitaa alikuwa mwanamuziki mweusi wa mtaani, Rufus Payne. A.P. Carter wa kundi la Carter Family alipokuwa akizunguka milimani kukusanya nyimbo, aliyetembea naye kuzikariri alikuwa Lesley Riddle, naye mweusi. Na Charley Pride, mtoto wa wakulima wa pamba wa Mississippi, aliyekuwa anacheza besiboli kabla ya muziki: kampuni yake ilipoanza kutoa nyimbo zake mwaka 1966 ilizituma kwenye vituo vya redio bila picha, ili watu waipende sauti kwanza. Wakaipenda. Mwaka 1971 akachukua tuzo kubwa kabisa ya kantri ya mwaka huo.

Ubaguzi ulikuwepo na upo. Ila usiwaachie wabaguzi kitu walichokikuta.

KijanaWaMtaa

Hiyo ya picha sikuijua. Sawa. Lakini kofia bado sivai.

MzeeWaKona

Kofia hata mimi sivai. Wale wa kofia na buti wana siku yao Ngong Racecourse, wanajaa, wanacheza kwa mistari, wanapiga picha. Nimeenda mara moja nikafurahi, ila uwanjani unasikiliza kwa mbali. Mimi ni mtu wa baa ya viti arobaini.

Kap_Bomet

Chamgei wote.

Hamjataja Chemirocha? Ndiyo maana nimekuja mbio.

Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alifariki mwaka 1933. Alikuwa mfanyakazi wa reli, kifua kikuu kikamuua akiwa na miaka 35. Santuri zake zikafika huku kwetu kwa Wakipsigis kwenye gramafoni. Wazee waliposikia ile sauti inayoruka juu kama mbuzi kwenye mwamba, wakashangaa. Jina lake likatamkwa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipopita huku na mashine yake ya kurekodi, akawakuta wasichana wanamwimba kwa kinubi chetu. Walikuwa wanamwambia Chemirocha aruke, acheze mpaka nguo zimdondoke! Kwao alikuwa nusu mtu nusu swala. Fikiria: mtu wa Mississippi hajawahi kukanyaga Afrika, amekufa miaka kumi na saba, na anaimbwa Kericho kama kiumbe cha porini.

Jina lenyewe kwa wazee lilikuja kuwa na maana ya kitu chochote kigeni cha ajabu.

Rekodi zile zilikaa Afrika Kusini miongo mingi, halafu zikarudishwa huku watu wakasikilizishwa. Sisi tumeletewa sauti za bibi zetu. Kwa hiyo mtu akiniambia kantri si yetu, namwangalia tu.

BintiNakuru

Mfanyakazi wa reli! Na mugithi ni treni! Jamani.

Besi_ya_Kando

Ongeza na hii. Mdundo ule drami anaupiga kwenye nyimbo za kasi, brashi zinakimbia juu ya ngoma ndogo chaka-chaka-chaka-chaka na mkazo unaruka ruka, wapiga drami wanauita mdundo wa treni. Sikusema mapema nikaogopa mtaona naongeza chumvi.

Omwana_wa_Kisa

Nimesoma kimya kimya toka juu, sasa naingia.

Mtu wa solo anayesemwa na Mzee, kama ni yule ninayemdhania (mrefu, hana maneno, anapiga ameangalia chini), muangalieni mkono wa kulia. Anatumia kidole gumba na cha shahada peke yake. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene kama mtu anayetwanga, shahada inachuma juu. Watu wa kantri watakwambia huo ni mtindo wa Merle Travis, aliyekuwa anapiga kwa gumba na shahada vilevile. Kwetu magharibi tunauita omutibo. George Mukabi alikuwa anapiga hivyo, na mwenzake pembeni anagonga chupa ya Fanta kwa mdundo, tii-ti-tii. Mukabi alikufa mwaka 1963. Na ng'ambo ya huku, Katanga ya Kongo, Mwenda Jean Bosco wa Bayeke naye alikuwa na vidole vyake, Tracey huyohuyo alimrekodi mwaka 1952.

Siku moja nilimuuliza yule jamaa, wewe ulijifunza kwa nani, kwa kanda za Marekani? Akasema, "Kwa mjomba. Alikuwa anapiga kwenye matanga." Akaendelea kukunja waya zake. Basi.

Mtu anapiga Travis na Travis hamjui.

MzeeWaKona

Ndiye. Huyohuyo. Miaka minne nakaa mita tatu kutoka kwake, na vidole viwili sikuviona. Sasa nina aibu na nina furaha.

Mkazi_wa_Temeke

Wakuu, naomba kuingia kutoka Dar. Nimeufuata uzi huu toka asubuhi, kazi haijafanyika.

Huku kwetu kantri tunaisikia zaidi redioni na kwenye daladala la mzee fulani Jumapili, Don Williams na Dolly Parton wake, kaseti zimechakaa mpaka sauti inayumba. Baa ya kantri ya laivu mimi binafsi sijaiona. Ila hiki mnachogombania, seti ya kwanza na seti ya mwisho, nakijua vizuri kwa sababu mimi ni mtu wa dansi. Msondo mtupu. Bendi imeanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, imebadilishwa majina weee, mpaka ikawa Msondo Ngoma. Wapinzani wetu Sikinde wakaja mwaka 1978. Kote huko mwanzo wa usiku bendi inapasha moto kwa nyimbo za taratibu, wazee wameketi na wake zao, na mtu unasikia maneno. Ngoma yenyewe ya kuchezea inakuja baadaye.

Sasa kuhusu fedha. Huku mtu akiguswa na wimbo haulizi kiingilio kinaanza saa ngapi. Anainuka, anatembea taratibu, kila mtu anamuona, anamtuza mwimbaji. Noti kwenye paji la uso, noti mfukoni mwa shati. Kwenye taarabu ndiyo usiseme, kina mama wanapanga foleni. Kutuza kunaruhusiwa hata saa moja na nusu, hata ukiwa na soda moja.

Sijui kwa nini Wakenya mnaona haya.

BintiNakuru

Hatuoni haya, tunatuma kwa simu 😂

Besi_ya_Kando

Ni kweli. Siku hizi tunaandika namba ya M-Pesa kwenye kipande cha katoni, tunakibandika kwenye stendi ya maiki. Inasaidia. Ila tatizo moja: hela ya simu haionekani. Noti ikitoka mfukoni mwa mtu mmoja, ya pili inafuata. Simu ikitoa mlio mfukoni mwangu nani amejua? Nimeona usiku watu sita wametuma na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake.

Mkazi wa Temeke, asante. Nitawaambia wenzangu neno hilo, kutuza. Sisi tumekuwa tukisema "tip" kana kwamba tunaomba chumvi.

Mkamba_Houston

Salamu kutoka Texas. Mimi nimefika huku mwaka wa tisa, nabeba mizigo kwa lori, kwa hiyo kantri naisikia nikitaka nisitake.

Niwape picha ya huku. Kuna ukumbi wa mbao unaitwa Gruene Hall, mjini New Braunfels, umejengwa mwaka 1878 na bado watu wanacheza ndani yake. Hakuna kiyoyozi, kuta za pembeni zinafunguliwa kama za banda la kuku, feni zinazunguka juu. Mchana bendi inapiga na watoto wanakimbia kwenye sakafu. Usiku wazee wenye miaka sabini wanacheza hatua mbili, bwana ameshika kiuno cha bibi, wanateleza tu kama wako juu ya mafuta. Mimi nilikaa pembeni kama Mzee, na soda yangu. Bibi mmoja akaja akaninyanyua. Nikacheza kama ninavyocheza kwetu Machakos na hakuna aliyelalamika.

Nashville pia nimepita na lori. Mtaa wa Broadway baa zimebanana, kila moja ina bendi toka saa nne asubuhi, ghorofa ya chini bendi, ya juu bendi. Mlangoni mara nyingi hulipi kitu. Mtu anapita na ndoo ukiwa unakunywa, unatia dola. Wanapiga kwa muda wa saa nne mfululizo, wanashuka, wengine wanapanda. Na nyuma ya baa ya Tootsie's kuna kichochoro tu, ukikivuka uko ukumbi wa Ryman, ambako Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha kantri, ilikaa kuanzia 1943 hadi 1974. Wakubwa walikuwa wanatoka jukwaani kule wanapita mlango wa nyuma kwenda kunywa.

Lakini Mzee, mahali pako wewe ni Bluebird. Kibanda kidogo kipo kwenye safu ya maduka, kimefunguliwa mwaka 1982, watunzi wanakaa duara katikati ya meza. Ukiongea wakati wa wimbo unaambiwa nyamaza. Wazi wazi, si kwa utani.

Kwa hiyo hata huko ilikozaliwa wamegawanyika: wa kunyamaza na wa kupiga mbinja. Hamtamaliza ninyi.

MzeeWaKona

Bluebird nimeiandika kwenye kijitabu. Nauli ndiyo sijaandika.

Sasa nililipe lile deni la maneno na mwenye baa. Mwezi wa pili mwaka huu, Alhamisi, bendi iko kwenye wimbo wa taratibu kabisa, mtu anamlilia mama yake aliyemwacha shambani. Hata wa saa tatu walikuwa wametulia. Runinga nne zote ukutani zimewashwa mpira, bila sauti. Mimi nikajua kuna hatari. Mwimbaji amefika pale anaposhusha sauti, anataka kumalizia ule mstari wa mwisho, na baa nzima ikaruka: GOOOOLI! Viti vikaanguka. Na hapohapo mwenye baa mwenyewe, kwa mkono wake, akaongeza sauti ya runinga ili tusikie mtangazaji.

Mwimbaji alifunga macho akangoja. Wakarudia goli, akangoja. Wakarudia kwa pembe nyingine, akangoja. Walipomaliza akaumalizia mstari wake, maneno matatu tu yaliyobaki, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndipo nikainuka kwenda kuongea na mwenye baa. Sikuongea vizuri.

Mama_Kaunta

Mwenye baa alikuwa timu gani?

MzeeWaKona

Ile iliyofunga.

Mama_Kaunta

Basi hukuwa na bahati.

Kap_Bomet

Mimi nina pendekezo. Mzee amesema tunachelewa. BintiNakuru amesema Mzee anawahi kuondoka. Besi amesema Mzee halipi. Mzee akae mpaka mwisho Alhamisi hii, alipe, atuletee ripoti. Tukimaliza hapo BintiNakuru naye aende saa moja na nusu.

BintiNakuru

Mimi nakubali. Ila niko Nakuru, nitaenda yangu ya hapa. Kuna jamaa anapiga peke yake Ijumaa.

MzeeWaKona

Sawa. Nina miaka 58 na Ijumaa nina kazi, lakini sawa.

MzeeWaKona (baada ya siku tatu)

Ripoti.

Nimefika saa moja na dakika ishirini. Mlangoni hakuna wa kukata tiketi, nikamwendea mlinzi nikamwambia nataka kulipa kiingilio. Akanitazama kama mgonjwa. Akaenda kuuliza. Akarudi akasema nisubiri saa tatu. Nikasubiri. Saa tatu kamili nikatoka nje nikaingia tena, nikalipa.

Seti ya kwanza ilikuwa kama kawaida, siwachoshi, isipokuwa safari hii nilikaa upande wa kulia nione vidole. Gumba na shahada. Gumba halipumziki. Kwenye wimbo wa tatu nikanyanyuka, nikatembea zile hatua sita mbele ya watu saba, nikamtuza noti mfukoni mwa shati, mfuko uleule wa nyuzi. Hakuinua kichwa. Ila mama mmoja wa meza ya dirishani naye akainuka. Halafu jamaa mmoja. Mkazi wa Temeke, unadaiwa pongezi.

Saa nne macho yakaanza kuwa mazito, nikaagiza Krest ya tatu (Mama Kaunta, iandikwe).

Saa tano palijaa. Spika juu mno, hilo sibadili msimamo, besi ilikuwa inanipiga kifuani na maneno hayasikiki. "The Gambler" imeombwa mara mbili. Nikasema moyoni, si niliwaambia?

Basi ikafika karibu saa sita kasorobo. Mwimbaji akaanza kupandisha ile sauti ya kuruka, ya Chemirocha, anaichezea tu bila maneno. Drami akashika brashi zake, nilidhani amechoka vijiti, kumbe anaanza treni. Chaka-chaka-chaka-chaka. Yule mrefu asiye na maneno akaingia na gumba. Na nilichokisikia ni kile alichokipiga kwenye seti ya kwanza, wimbo wa tatu, noti kwa noti, ila sasa kinakimbia. Mwimbaji akaingiza Kikuyu. Kutoka meza ya siku ya kuzaliwa mtu akaweka mkono begani kwa mtu.

Mimi nilikuwa nimeketi. Mkono ukatua begani mwangu. Nikageuka: mlinzi.

Tumezunguka meza zote, tukapita nyuma ya kaunta, tukatoka mlango wa jikoni, tukapita kwenye makaa ya nyama choma, tukarudi kwa mlango mkubwa. Goti la kushoto linauma mpaka sasa ninapoandika.

BintiNakuru

😂😂😂 Mlinzi!

Mimi pia niliwahi saa moja na nusu. Jamaa alikuwa peke yake na gitaa, akaimba wimbo wa mama yake mwenyewe, wa Kikuyu, taratibu, sijawahi kumsikia akiuimba na namfuata miaka sita. Nikamuuliza kwa nini huuimbi usiku. Akasema usiku hamngeusikia.

Sina la kuongeza.

Besi_ya_Kando

Mzee, kiingilio ulilipa cha siku hiyo tu? Ile miaka minne?

MzeeWaKona

Namba ya kwenye katoni nimeipiga picha. Nitakuwa natuma kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi.

KijanaWaMtaa

Alhamisi hii wanapiga? Nataka kuja, bila kofia. Naona kuna mechi pia.

MzeeWaKona

Mechi ni saa nne. Njoo saa moja, kaa upande wa kulia.

Mama_Kaunta

Na uagize zaidi ya soda moja.